Shanga Puani

Kila Jumamosi, mama yao alipokaa barazani kushona, Chiriku alibaki ndani kumwangalia mdogo wake, Bonge. Chiriku alipewa jina hilo na majirani kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Bonge naye alipata lake kwa sababu ya mashavu yake manene. Jumamosi moja asubuhi Chiriku alikuwa akitunga shanga. Mama alikuwa amemkataza kuziacha sakafuni, lakini aliposikia wenzake wakiruka kamba nyuma ya nyumba, aliziacha hapohapo akatoka mbio.

Aliporudi, Bonge alikuwa akisugua pua huku akicheka.

"Imeingia ndani," akasema kwa fahari.

Chiriku akachungulia. Kweli, shanga nyekundu ilikuwa imejibanza tunduni. Akamwambia apenge; mtoto akavuta pumzi badala ya kuitoa, shanga ikazidi kuzama. Chiriku akachukua pini ya nywele. Angeitoa kimyakimya, mama asijue lolote. Lakini pini ilipokaribia, Bonge aligeuza kichwa ghafla, ncha ikapita karibu na jicho. Chiriku akaitupa pini, akambeba mdogo wake hadi barazani.

"Mama, nimekosa. Bonge ana shanga puani, na mimi ndiye niliyeziacha sakafuni."

Mama hakugombeza. Aliiacha nguo chini ya sindano ya cherehani, wakaenda zahanati.

Muuguzi, mwanamke mcheshi, alimulika pua kwa tochi, kisha akamuuliza mama kama anajua kumbusu mwanawe. Akamwelekeza aufunike mdomo wa mtoto kwa mdomo wake na kupuliza mara moja kwa nguvu, naye muuguzi akaziba tundu la pua lililo wazi. Bonge aliambiwa anapewa busu kubwa.

Mama akapuliza. Shanga ikachomoka na kamasi zake, ikatua kwenye koti la muuguzi. Bonge akaitazama, akaomba busu jingine. Wote wakaangua kicheko.

Chiriku alieleza kila kitu, hata habari ya pini. Muuguzi akamshika bega.

"Mwanangu, pini ingeisukuma ndani zaidi, au ingemtoa damu. Kitu kikinasa puani, usikichokonoe. Mwite mkubwa upesi, hata kama kosa ni lako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo hukuficha, ndiyo maana tunacheka."