Nilivalishwa Kamera Nilifundishe Roboti, Mchumba Wangu Akaniita Mwizi

"Ankunda, weka mikono juu ya meza! Usiguse kitu!"

Aliyekuwa anafoka hivyo ni Adelard. Msimamizi wa ghala... na mchumba wangu, ambaye mwezi ujao alikuwa apeleke ng'ombe kwa baba yangu Kituntu!

Jamani, nisomeni vizuri, maana mpaka sasa nina hasira.

Ghala letu lipo Nkwenda. Tunapaki emwani, ile kahawa ya kutafuna. Miaka saba nimekaa kwenye meza ile nachagua. Nono naweka mbele, zilizopasuka natupa kwenye ndoo.

Mwaka huu bosi Jasson akaleta roboti. Mkono wa chuma, macho ya kamera, na akili mnemba ndani yake. Lichague kama mimi.

Wa kulifundisha nani? Mimi!

Miezi mitatu nilifungwa kamera kwenye paji la uso. Kila kitu mikono yangu ilichofanya, roboti lilikiona. Na aliyenibembeleza nikubali ni Adelard.

"Mpenzi, likishajua kazi, wewe ndiye utakuwa mkubwa wake."

Likajua. Nikapewa ufagio!!

Wiki mbili baadaye ndiyo asubuhi hiyo ninayowasimulia. Walisogeza meza ya roboti, wakakuta rundo la emwani sakafuni, kando ya ukuta. Nono tupu!

"Anayefagia hapa ni wewe," Adelard alisema, wafanyakazi wote wanasikia. "Unazirundika uje uzibebe. Kinyongo cha kunyang'anywa kazi hicho."

"Adelard... unanijua mimi!"

"Nakujua, mwizi wewe! Bosi, piga simu polisi."

Bosi akatoa simu. Nilimfikiria baba yangu akiambiwa binti yake kalala mahabusu kwa kuiba kahawa.

Mzee Nsabimana, mlinzi wa getini, akaingia kuona kelele za nini.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini huku?"

Tak... tak... tak...

Nikageuka. Wote walikuwa wanamtazama mzee, mimi nikalitazama roboti. Lilichagua nono tatu, likazipeleka kushoto, likaziachia. Zikadondoka nyuma ya meza!

"Bosi, kata hiyo simu! Mzee, nakuomba utoke, uingie tena."

Akatoka. Akaingia.

Tak... tak... tak...

"Tena, mzee!"

Tak... tak... tak...

Bosi akairudisha simu mfukoni.

Ndugu zangu, mnajua kwetu mgeni hakai bila kupewa emwani ya kutafuna. Miaka yote saba, mtu akitokea mlangoni, awe dereva au mkulima kutoka Songambele, nilikuwa namchagulia nono tatu naweka kwenye kikapu kidogo cha wageni, kushoto kwangu. Bosi mwenyewe alikuwa anakula humo! Roboti liliona, likajua hiyo nayo ni kazi.

"Na kikapu kiko wapi?" bosi akauliza.

Nikajibu mimi.

"Adelard alikitupa siku roboti lilipoanza kazi. Alisema ni ushamba."



Bosi akampigia fundi, aliondoe jambo hilo moja tu. Fundi akasema haiwezekani. Aliyejifunza kwa kutazama hafutiwi kipande. Anafutiwa yote, roboti lifundishwe upya!

Hapo ndipo sauti zilipolainika.

"Ankunda mpenzi," Adelard akaniletea ile kamera kwa mikono miwili, "nilipitiwa. Ivae tuyamalize."

Niliichukua. Nikamfunga yeye kwenye paji la uso, nikakaza mkanda.

"Lifundishe wewe. Na ng'ombe wa baba yangu, waache walipo."

Nikavua aproni, nikaondoka.

Leo nina meza yangu sokoni hapahapa Nkwenda, nauza emwani, na kikapu cha wageni kipo kushoto. Nasikia roboti linalofundishwa na Adelard linachagua vibaya na linaacha kazi kila bosi akigeuza mgongo, kama yeye!

Dada zangu, msimpime mwanaume kwa miaka aliyokaa na wewe. Chuma kilinitazama miezi mitatu tu kikajifunza kumkarimu mgeni. Adelard alinitazama miaka minne, na siku nilipomhitaji amwambie bosi "huyu namjua, si mwizi," hakuwa amejifunza kitu.