Watoto Watatu wa Karatasini

Mashine ya fotokopi ilikuwa imekwama kwa mara ya tatu asubuhi ile, na foleni ilishatoka dukani ikafika mtaroni. Kila mtu alikuwa na haraka kumshinda mwenzake. Mwenye duka, aliyetapakaa wino mpaka sikioni, akaifungua mashine, akaifunga, akaipiga kofi, ikatii. Basi akaanza kugawa bahasha bila kutazama sura: chukua, chukua, pisha wengine.

Mwanafunzi mmoja wa ukunga, mwenye gauni la manjano na raba nyeupe zilizofuliwa hadi zikachoka, alipokea yake, akapiga hatua kumi, akachungulia ndani. Akaona "Mtihani wa Muhula", na chini yake neno "Siri" limepigiwa mistari miwili. Akaifunga bahasha upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwewe.

"Kaka! Kaka wa shati jeupe! Simama!"

Mwanamume aliyekuwa mbele akageuka. Shati lake lilipigwa pasi hata mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. "Mimi?"

"Wewe. Umebeba cheti changu cha kuzaliwa, na mimi nimebeba kazi yako."

Akaitazama bahasha, rangi ikamtoka. "Umesoma?"

"Ningesoma ningekukimbiza juani hivi? Saa hizi ningekuwa bwenini nakunywa chai, naungoja mtihani kama bibi harusi."

"Hata swali la kwanza?"

"Nimesoma 'Siri' tu. Kama ndilo swali la kwanza, jibu ninalo."

Yule bwana akacheka, na haikuwa kawaida yake. Alikuwa mkufunzi wa wodi ya wazazi, na chuo kizima kilimwita Kalamu, kwa ile kalamu nyekundu ya mfukoni iliyokwisha kuwaliza wengi. Msichana naye aliitwa Maswali, tangu miaka minne aliyokuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto uzito na kuwahoji mama zao, kabla hajapata nafasi ya kusomea ukunga. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mkubwa kuliko wenzake darasani, na hakuwa na muda wa kupoteza.

Lakini moyo hauna ratiba. Baada ya miezi mitatu walikuwa wakipendana, na kwa kuwa sheria ya chuo ilikuwa fupi na kavu, mkufunzi na mwanafunzi marufuku, walipendana kwa simu.

"Leo wodini umenigombeza mbele ya watu."

"Ulisahau kunawa, mpenzi."

"Nilinawa! Ulikuwa unaangalia kwingine."

"Nilikuwa naangalia shingo yako."

"Basi kaipigie mstari mwekundu hiyo shingo, uniache mimi ninawe."

Wakacheka hadi salio likaisha.

Sasa, ndugu msomaji, kuna daftari moja unapaswa kulijua. Kila mwanafunzi wa ukunga alikuwa nalo, lenye kurasa ishirini, na kila ukurasa ulikuwa wa mama mmoja aliyezalishwa kwa mikono ya mwanafunzi huyo, mkufunzi akiwa kando. Mkufunzi akiridhika, anatia sahihi. Bila sahihi ishirini hufanyi mtihani wa mwisho. Unangoja mwaka mzima. Na wodi ilikuwa moja, vyuo vitatu. Mama mmoja akiingia na uchungu, wanafunzi sita wanamzunguka kama nzi waliosikia habari ya sukari.

Zikiwa zimebaki siku mbili kurudisha madaftari, Maswali alikuwa na kina mama kumi na saba. Akampelekea Kalamu daftari lake akalikague. Liliporudi, lilikuwa limejaa. Ukurasa wa kumi na nane: mtoto wa kiume, kilo tatu. Wa kumi na tisa: wa kike, alilia mara moja. Wa ishirini: mtoto hakupumua, alisaidiwa kwa mfuko wa hewa, akalia. Sahihi tatu, wino bado unang'aa.

Alimfuata chumba cha mafunzo, alikokuwa akiwapanga wanasesere wa plastiki kabatini.

"Hawa watoto watatu ni wa nani?"

"Wako."

"Wangu ni kumi na saba."

"Funga mlango." Akashusha sauti. "Utawatoa wapi wengine kabla ya Ijumaa? Utakwenda kuwaomba sokoni?"

"Nitangoja mwaka."

"Sikiliza, roho yangu. Nimefundisha wasichana mia mbili. Mikono yako naijua. Ungewapata hao watatu, ungewapokea huku unaimba."

Maswali, aliyekuwa na swali kwa kila kitu, siku hiyo hakuuliza lolote. Mfuko wa hewa alikuwa ameushika kwa mwanasesere tu. Lakini ukisifiwa mikono na mtu unayempenda, na mtu huyo ndiye mkali kuliko wote, utamkatalia kwa lipi? Akalirudisha daftari chuoni hivyo hivyo. Akafanya mtihani. Akafaulu, tena vizuri.

Siku ya kupokea vyeti, Kalamu alimkuta ukumbini, sare nyeupe imemkaa kama imeshonewa mwilini.

"Tangu saa nne asubuhi ya leo, wewe si mwanafunzi wangu."

"Basi mimi ni nani wako?"

"Ndilo nililokuja kuuliza." Akatoa pete mfuko uleule wa kalamu.

"Na nikikataa utaniwekea kosa?"

"Nitakupa nafasi ya kurudia."

Akakubali huku machozi yanamtoka. Harusi ikapangwa baada ya miezi minane.

Maswali alipangiwa zahanati ya vyumba viwili, yenye bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, na mhudumu mmoja wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi. Shangazi hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alideki, alichemsha vyombo, na alikuwa na mdomo.

"Sista mpya, usijali," alisema siku ya kwanza. "Hapa watoto wanatoka hata daktari asipokuwapo. Hawajui kwamba hayupo."

Mwezi wa pili, saa saba mchana, alitoka mmoja ambaye hakulia.

Maswali alimkausha, akamsugua mgongo. Kimya. Akauweka mfuko wa hewa usoni, akaminya. Hewa ikatokea pembeni. Akaminya tena. Kifua kidogo hakikuinuka. Kila alichokijua kilikuwa kichwani, na mikono ilikuwa inakitafuta.

"Kidevu, mwanangu!" Shangazi alitupa ufagio. "Inua kidevu! Huyo si mwanasesere!" Akamsukuma kwa bega, akakiinua kidevu kwa kidole kimoja, akaubana mfuko. Kifua kikapanda.

Mtoto alilia. Ila alilia baada ya dakika sita, na wenye kazi hiyo wanajua dakika sita ni nyingi kiasi gani kwa ubongo uliokosa hewa.

Miezi minne baadaye yule mama alimleta mtoto kwenye mizani. Shingo haikuwa imekaza. Miguu ilikuwa migumu, imepishana kama mkasi.

"Mvivu huyu, sista," mama akasema akitabasamu. "Lakini yupo. Bila wewe nisingekuwa naye. Mungu aibariki mikono yako."

Maswali aliandika uzito, akatoka nyuma ya zahanati, akapiga simu.

"Mpenzi! Nilikuwa nakuwaza. Fundi wa gauni anauliza mikono iwe mirefu au—"

"Ukurasa wa ishirini. Uliusaini kwa nini?"

"Nilijua unaweza."

"Sema kweli."

"Kwa sababu... ungebaki mwanafunzi wangu mwaka mzima mwingine, na mimi ningekupenda kwa kujificha mwaka mzima mwingine. Nilichoka."

"Kumbe hukuiona mikono yangu."

"Niliiona. Niliiona inavyonishika mimi."

Maswali akamweleza habari za mtoto, kisha akasema, "Jumatatu nakwenda kwa mkuu wa chuo."

"Una wazimu? Watakunyang'anya cheti! Mimi watanifukuza! Na mtoto huyo pengine angekuwa hivyo hivyo hata angepokewa na bingwa!"

"Pengine. Hilo 'pengine' ndilo nitakalolala nalo kitanda kimoja. Wewe hutapata nafasi."

Simu ikakatwa upande wa pili.

Jumatatu Maswali aliufikia mlango wa mkuu wa chuo, daftari kwapani. Kwenye benchi la nje aliketi mtu mwenye shati jeupe, safari hii halina pasi.

"Umekuja kunizuia?"

"Nimekuja kutangulia. Sahihi ni zangu."

Akaketi karibu naye. Kalamu akamshika mkono, wazi, mbele ya wanafunzi waliopita wakikonyezana.

"Leo ndiyo unanishika mbele za watu."

"Ruhusa nimejipa leo."

Wakaingia pamoja. Walipotoka, yeye hakuwa tena mkufunzi, na Maswali hakuwa tena mkunga. Alipewa nafasi ya kurudia mwaka wa mwisho katika chuo kingine. Pale pale kwenye benchi akaivua pete.

"Nilifikiri tumepatana," Kalamu akasema.

"Tumepatana. Lakini kila nikikutazama nitamwona mtoto. Sikuachi kwa kukuchukia. Ningekuchukia ningepona mapema."

Kisha Maswali akaenda zahanati siku ya mizani, akamweleza yule mama yote. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamwondoa mtoto mikononi mwa Maswali, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, maana zahanati nyingine iko mbali. Maswali alikuwa amejifunza hospitalini namna ya kuinyoosha miguu ile, na kila Jumamosi alikuja kumnyoosha mtoto. Mama alimruhusu. Ila hakumwita tena sista.

Kalamu alipata kazi ghala la dawa, akipanga maboksi ya glavu ambazo wengine watavaa. Mwaka ulikwisha. Adhuhuri moja simu yake ikaita, na jina alilokuwa hajathubutu kulifuta likatokea.

"Nimemaliza ishirini," sauti ikasema.

Akaketi juu ya boksi. "Wa kweli?"

"Wa kweli wote. Wawili hawakupumua. Wakapumua."

"Hongera, Maswali. Nani amesaini?"

"Mama mmoja mkali. Hajanichekea hata siku moja. Ukurasa mmoja alinirudisha mara tatu."

"Anakupenda?"

"Hata kidogo."

"Afadhali," akasema, na wote wawili wakacheka, kidogo tu, kisha kila mmoja akangoja mwenzake awe wa kwanza kukata. Alikata Maswali. Wodini kulikuwa na mama anaita.