Kilo Thelathini za Kuongeza

Mshonaji alikaa mbele ya cherehani akitunga uzi. Aliona sindano mbili. Akalenga ya kulia, uzi ukapita hewani. Kumbe ya kweli ilikuwa ya kushoto. Hali hii ilikuwa na mwezi mzima sasa. Nguo zilirundikana mezani, na wateja walikuwa wamechoka kuambiwa njoo kesho.

Daktari wa macho alimwandikia picha ya MRI ya kichwa.

"Kuna kitu, labda uvimbe, kinabana mshipa nyuma ya jicho," alisema. "Lazima tukione vizuri. Tukichelewa, jicho linaweza kupotea."

Mshonaji bila jicho! Maneno hayo yalimkosesha usingizi.

Siku ya kipimo alifuatana na mume wake, fundi wa kupaka rangi nyumba. Mtaani wanamwita Ongeza. Chumvi, ongeza. Sabuni, ongeza. Wiki iliyopita aliongeza mbolea kwenye maua, yakaungua yote. Akasema maua yenyewe yalikuwa mabovu.

Walipewa fomu. Mshonaji hakuweza kuisoma, mistari ilikuwa inapandana. Mume akaijaza.

"Umejaza vizuri?"

"Mke wangu, nimekujazia hadi utashukuru."

Hapo ndipo angepaswa kushtuka.

Mpiga picha wa hospitali alikuwa mwanamke mchangamfu. Alisoma fomu, akamtazama mshonaji kutoka juu hadi chini, akasoma tena.

"Samahani, mama. Kilo themanini na nane umezificha wapi?"

"Themanini na nane? Mimi nina hamsini na nane!"

Wote wawili wakamgeukia Ongeza. Naye akaanza kuangalia dari.

"Baba watoto!"

"Sikiliza kwanza. Pale kwenye benchi nimesikia kwamba ile dawa ya kung'arisha picha hupimwa kwa kilo za mgonjwa. Mwenye kilo nyingi anapewa nyingi. Nikasema wasitupunje."

"Umenipa kilo thelathini za watu! Jicho langu linakufa, wewe unaleta ujanja?"

"Nataka picha ing'ae, mke wangu. Dawa ikizidi, mwanga unazidi. Mtoto mdogo anajua hilo."

Mshonaji alishika kichwa. Alikuwa amebishana na mtu huyu miaka ishirini, na leo hakuwa na nguvu.

"Niachie mimi, mama," mpiga picha alisema. "Baba, njoo uone."

Akafungua picha kwenye kompyuta. Ilionyesha maduara sita yaliyopangwa mstari.

"Hivi ni vichupa sita vya maji. Tuliviweka kwenye mashine kuijaribu. Cha kwanza hakina dawa. Vingine vina dawa, kila kimoja kikali kuliko kilichotangulia. Nionyeshe kichupa kinachong'aa zaidi."

Ongeza akaweka kidole kwenye duara jeupe kabisa.

"Hicho ni cha nne. Cha sita, chenye dawa kali kuliko vyote, ni hiki."

Cha sita kilikuwa cheusi tii.

"Mmekosea kupanga," alisema Ongeza.

"Baba watoto, nyamaza!"

Mpiga picha alicheka. "Hatujakosea. Maji ya mwilini hutoa ishara, mashine huipokea na kuchora picha. Dawa kidogo huipa ishara nguvu, picha inang'aa. Dawa ikijazana mno mahali pamoja, ishara inazimika kabla mashine haijaipokea. Hapo panakuwa giza."

"Kwa hiyo ningeitia giza picha ya mke wangu?"

"Kilo zako thelathini zisingefikia ukali wa kichupa cha sita, maana dawa husambaa kwenye damu. Lakini ungempa dawa asiyoihitaji, na figo zake ndizo zingehangaika kuitoa. Ungepunguza kilo, uvimbe ungeweza kutoonekana vizuri. Ndiyo maana tunataka uzito wa kweli, na kama mtu ana ugonjwa wa figo au mzio, aseme mapema."

Ongeza akaichukua fomu, akaifuta ile themanini na nane kwa mkono wake. Mshonaji hakukumbuka lini aliwahi kuona jambo kama hilo.

Akapanda mizani mwenyewe. Hamsini na nane. Akachomwa dawa ya kilo zake, akalala ndani ya mashine iliyogonga kama mafundi bati. Picha ilitoka safi. Uvimbe ulionekana hadi kingo zake, mdogo, wa kutibika kwa vidonge.

Miezi mitatu baadaye walirudi kwa picha ya pili. Wakiwa wanasubiri majibu, kijana mmoja kwenye benchi alikuwa anajaza fomu ya mama yake.

"Kijana, uzito umeupima au umeukisia?" Ongeza aliuliza, akasogea karibu. "Ngoja nikueleze habari ya vichupa sita."

Mshonaji aliitwa. Mume hakusikia, alikuwa amefika kichupa cha pili. Akaitwa tena. Mume alikuwa cha tatu. Mshonaji akavuta pumzi, akaingia peke yake. Daktari alimwambia uvimbe umekwisha na jicho limepona.

Alipotoka, alisimama mlangoni na habari yake njema, machozi yakimlengalenga.

"Baba watoto!"

"Subiri kidogo, mke wangu," alijibu Ongeza bila kugeuka. "Tumefika cha tano."