Mabomba Kabla ya Zege

Asubuhi ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa pomoni, watu wanapigana vikumbo kwenye kaunta. Mbele alisimama mshona mapazia, ndani ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Alikuwa ametoka kazini akaisahau. Mkononi ameshika feni ya ukutani.

"Dada, hiyo usinunue," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati la kazi limepigwa pasi kama la arusi.

"Kwani wewe ndiye mwenye duka?"

"Mimi ni fundi wa hewa. Nyumba imefika wapi?"

"Kuta zimekwisha. Zege la juu bado."

"Basi una bahati. Wengine huniita wameshahamia, ukungu umeshapanda ukutani, ndipo tunaanza kutobolea watu nyumba. Mabomba ya hewa hupangwa kabla ya zege."

"Kumbe siku hizi upepo unauzwa."

"Unauzwa. Kucheka ndiyo bure."

Akacheka kweli, mpaka waliokuwa nyuma wakawaomba wasogee.

Nyumba yenyewe ilikuwa kando ya barabara kubwa. Ukifungua dirisha, vumbi na moshi, ukilifunga, joto. Na mama yake mshona mapazia alikuwa mgonjwa wa kifua. Katika chumba cha kupanga, chenye ukuta usiokauka, alikohoa kila alfajiri mpaka machozi. Nyumba hii ilijengwa ili mama apumue.

Fundi akaja, akapima, akachora: hewa safi iingie vyumbani, hewa chafu itoke jikoni na bafuni, yote ipite kwenye mabomba ya darini. Akaja tena kupima. Akaja hata siku ambazo hapakuwa na cha kupima.

"Huyu anapima nyumba au anakupima wewe?" mama akauliza.

Simu zikaanza, kila adhuhuri.

"Muuza Upepo, umekula?"

"Nimekula, laazizi, ila sauti yako sijaishiba."

"Haya maneno unayatoa wapi?"

"Yanakuja yenyewe nikiona jina lako."

Miezi minne ikapita hivyo. Siku moja wakakaa juu ya matofali, karatasi magotini.

"Niambie kila chumba watalala wangapi," fundi akasema. "Bomba hufuata idadi ya watu. Cha mama?"

"Mmoja."

"Chako?"

Mshona mapazia akainama. Akatazama viatu vyake. "Andika unavyoona wewe."

Fundi akaizungusha kalamu vidoleni, akaandika, akaikunja karatasi akampa. Mshona mapazia alipofika nyumbani akaikunjua. Chumba cha mama, mtu mmoja. Chumba kikubwa, mtu mmoja.

Laazizi yote ile, na bado amenihesabu peke yangu, akawaza.

Tangu hapo simu ya fundi ikaita wee, haipokelewi. Siku aliyoipokea, mshona mapazia alisema tu, "Niko kazini, fundi." Hilo neno fundi, bila utani wowote, lilimchoma yule bwana kuliko matusi.

Wiki ikaisha, siku ya zege ikafika. Mwashi akampigia mshona mapazia.

"Dada, gari la zege liko njiani. Bomba la chumba kikubwa niweke jembamba au nene? Tukishamwaga, hatuligusi tena."

"Muulize fundi wako."

"Yuko hapa. Anasema nikuulize wewe."

"Mpe simu." Akasubiri. "Si uliandika mmoja? Weka jembamba, nikae na pumzi zangu."

"Kumbe ndilo lililokukasirisha?"

"Mtu ananiita laazizi, akishika karatasi hayumo."

"Sasa mpenzi, nyumba umeijenga wewe, kwa mgongo wako. Mimi nani nijiandike ndani kabla sijakaribishwa? Mama angesema nimekuja kutafuta pa kulala."

"Nilikwambia uandike unavyoona."

"Niliona wawili," fundi akasema polepole. "Mkono ukaogopa."

Mshona mapazia akaweka mkasi chini. Kisha: "Wasimwage kitu. Nakuja."

Alifika anahema, nyuzi za pazia zimemganda sketi nzima. Gari la zege linanguruma getini. Fundi akashuka ngazi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Sasa niulize mwenyewe, kwa mdomo."

"Nataka kuishi na wewe, nikuoe, tuzeeke humu. Na ukikataa, bado bomba nitalifunga vizuri."

"Jumapili uje na wazee wako kwa mama, umwambie hivyo hivyo."

"Nitakuja."

"Jamani," mwashi akaita kutoka juu, "zege litashika ndani ya gari. Chumba kikubwa, bomba la watu wangapi?"

Fundi akamtazama mchumba wake. Safari hii hakuandika kitu, alingoja.

"La watu watatu," mshona mapazia akasema.

"Huyo wa tatu ni nani?" mwashi akauliza.

Akageuza uso pembeni, tabasamu limemshinda. "Atakuja. Wewe mwaga zege."