Jina Lililodaiwa Kodi

Kila jioni Biasha alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufungia kuku, na kutokitazama kiti cha babu yake. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomchosha zaidi. Kiti kilikuwa pale pale barazani, kamba zake zimelegea katikati kama vile mwenyewe amenyanyuka sasa hivi kwenda kutafuta ugoro.

Mzee Halfani alikufa mwezi wa kwanza, mwaka wa 1953, na nyumba yao ya Chiola ikabaki na watu wawili: Biasha na bibi yake, Swaumu. Mama yake Biasha alikuwa Lindi kwa mumewe. Babu ndiye aliyekuwa mwenzake wa maongezi. Alimwita "mke mdogo," naye Bibi akimwita "mke mwenzangu," na hao wake wawili walikuwa wakigombania kumpelekea mzee uji. Sasa uji ulipikwa, ukanywewa kimya, na sufuria ikaoshwa.

Kwa desturi yao, jina la marehemu haliachwi lizurure. Siku ya arobaini Isihaka, mpwa wa Babu aliyekaa Mandawa, alivishwa kanzu ya marehemu na kurithi jina lake. Tangu siku hiyo yeye ndiye Halfani, na haikuwa ruhusa kulikana jina hilo. Bibi alimwambia Biasha amwamkie Isihaka kama babu yake. Biasha akamtazama yule kijana asiye na mvi hata moja, aliyekuwa ameiweka kanzu vibaya begani, akakimbilia nyuma ya nyumba. Wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi wa tano barua ilifika kutoka boma la Nachingwea. Biasha alikuwa darasa la nne, basi msomaji wa nyumba alikuwa yeye. Ilisema hivi: "Wewe Halfani Lukumani wa Chiola, jina lako limo katika daftari la kodi, na risiti yako ya mwaka huu haionekani. Jibu kwa barua au fika mwenyewe."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mume wake alikuwa akikimbia kodi akiwa hai, akasema, na sasa amekimbilia mahali ambapo hata tarishi hataki kumfuata. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Waandikie, mke mwenzangu. Waambie mwenyewe ameshakufa, tumemzika hapa hapa, na jumbe wa kijiji angetaka kujua angeuliza. Basi."

Biasha akachukua kalamu na wino, akaketi. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Lakini kalamu ilipofika pale ikagoma. Ile barua ilimwita Babu kama mtu aliye ndani, anayevaa viatu. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo tena. Basi akaandika: "Mimi Halfani mzima wa afya. Nawasalimu sana. Naomba mningoje, nitalipa ufuta ukishavunwa." Akaongeza kwamba goti la kushoto linamsumbua kidogo, kwa sababu ni kweli lilikuwa likimsumbua. Alipomaliza alihisi kama mtu amekohoa barazani.

Bibi alimtaka amsomee. Biasha akasoma maneno ambayo hayakuwamo kwenye karatasi, macho chini, na barua ikaenda Nachingwea na lori la mwenye duka.

Ufuta ukakomaa, ukakatwa, ukasimamishwa ukauke. Siku moja tarishi wa boma akapita Chiola kwa baiskeli. Jumbe hakuwapo, basi akauliza kisimani Mzee Halfani anapatikana wapi. Wanawake wakamjibu bila hila yoyote kwamba Halfani yupo Mandawa, anavuna. Tarishi akaenda Mandawa, akamkuta Isihaka shambani, akamuuliza kama ndiye Halfani. Isihaka, aliyelirithi jina mbele ya watu, angejibu nini? Akasema, "Ndiye mimi." Risiti yake ya kodi alikuwa nayo, lakini imeandikwa Isihaka. Tarishi akamwambia hiyo ni ya mtu mwingine.

Habari ililetwa Chiola kesho yake na mke wa Isihaka, Sabaha, mtoto mgongoni, ufuta wake umeachwa nje kwa ndege. Alisema mumewe amewekwa bomani kukata majani mpaka kodi ya Halfani ilipwe. Bibi akashangaa sana. "Lakini sisi tulijibu. Au karani wao hajui kusoma?"

Biasha alikitazama kiti. Akatazama mtoto aliyelala mgongoni kwa Sabaha, kinywa wazi. "Anajua, Bibi," akasema. "Ni mimi sikuandika ulichosema."

Bibi hakumpiga. Akasema, "Kesho utanisindikiza. Miguu iliyofikisha uongo ilikuwa ya lori, ya kurudisha ukweli itakuwa yetu."

Walitoka alfajiri. Njiani walipita mashamba makubwa ya karanga yaliyoachwa na Waingereza, trekta moja limekaa kwenye majani bila magurudumu.

Karani wa kodi aliitwa Fransisko, mtu mwembamba wa miwani. Aliitoa barua kwenye jalada, akauliza nani aliyeandika. "Mimi, mwalimu," Biasha akasema, maana hakujua karani anaitwaje kwa heshima. "Babu yangu amekufa. Hajui kitu. Huyu mliyemshika ni Isihaka, amerithi jina tu, na kodi yake amelipa."

Karani akaisoma barua tena, akafika kwenye goti, akavua miwani. Akamsogezea karatasi na wino, akamwambia aandike upya hapo hapo. Biasha akaandika: "Babu yangu, Halfani Lukumani, amekufa." Tone moja likaangukia wino, herufi mbili zikavimba, lakini zilisomeka. Bibi akabonyeza kidole gumba chini yake. Karani akafungua daftari, akapiga mstari mwekundu.

"Sikiliza, binti," akasema. "Daftari hili halijui msiba wala mila. Linajua kile tu tunachoambiwa. Ukilidanganya, hata kwa mapenzi, atakayeumia ni mtu asiye na kosa. Barua kama hii ikija, jibu mapema, na jibu kweli, hata kama mkono unakataa. Na wewe mama, mtu akifa, jumbe apewe habari rasmi siku zile zile."

Bibi akakubali kosa lake, kwa sauti ndogo ambayo Biasha hakuwahi kuisikia.

Isihaka alitolewa na majani kwenye nywele, viganja vimechubuka. Biasha alidhani atagombezwa. Isihaka alimtazama tu, akasema, "Jina nimelipokea kwa furaha. Hilo goti la kushoto, naomba libaki la marehemu."

Bibi akacheka kwanza. Sabaha alikuwa akisubiri Chiola, na njia ilikuwa ndefu. Walipokaribia trekta lile bovu, Biasha akaharakisha akamfikia Isihaka, akamshika mkono uliochubuka.

"Shikamoo, Babu," akasema.

"Marahaba, mke mdogo," akajibu Halfani. "Tembea polepole, bibi yako yuko nyuma."