Kichwa cha Treni Kisichonunuliwa

Kila mgeni akiingia humu ndani mnamwambia, "Bibi ana habari ya treni," kisha mnanigeukia wote kama mimi redio ya mtu. Nimechoka. Mara hii naandika, na atakayetaka kusikia tena asome mwenyewe. Darasa nililoishia mnalijua, kwa hiyo msinitafutie nukta na vituo.

Na msikae mkisubiri usiku. Humu hamna usiku. Jini hili lilikuja saa nane mchana, watu wameshiba, jua linawaka, jirani anafua mashuka.

Mdogo wangu aliolewa na fundi wa meno ya bandia. Mtu wa vidole vyepesi, mdomo mzito, hacheki mpaka aulizwe kama amesikia. Mtaani walimwita Mkuu wa Stesheni, kwa sababu chumba kizima cha nyuma alikijaza reli. Alikuwa anakusanya vichwa vya treni vidogo, vile wanavyochezea watu wazima wakasema hawachezi, kila kimoja hakizidi kiganja, kimefanana na kile kikubwa mpaka misumari. Alikuwa navyo thelathini na moja kwenye kabati la vioo. Mke wake aliruhusiwa kufagia mpaka mlangoni, basi.

Siku moja nilikwenda kuwaona, nikamkuta mdogo wangu anasugua kitambaa cha meza ya chumba kile.

"Masizi," akaniambia. "Leo siku ya tatu. Nafua, yanarudi."

"Mnachoma nini humo?"

"Hatuchomi kitu, dada. Treni zenyewe za umeme."

Nikanusa kitambaa. Makaa ya mawe. Nilizaliwa karibu na reli, harufu hiyo sifundishwi. Nikamwuliza shemeji yangu, akasema ni mafuta ya mota. Sikubishana, nyumba si yangu.

Juu ya reli kulikuwa na kichwa kimoja sijawahi kukiona, cheusi, kirefu kuliko wenzake.

"Hiki umenunua lini?"

"Hiki sikununua, shemeji," akasema, na safari hii alicheka bila kuulizwa. "Hiki nimekiunga mwenyewe."

Tukaenda kula. Tulikuwa watatu tu mezani. Ilipofika saa nane tukasikia kule nyuma chaka, chaka, chaka, taratibu, kama mtu anayekata karatasi kwa mkasi butu.

"Umeacha umeme," mkewe akamwambia.

Shemeji alikuwa anatazama waya wa mashine ya umeme wa treni, ambao alikuwa ameuleta pale mezani kuukaza skrubu. Ulikuwa umelala kando ya kibakuli cha chumvi. Akainuka, nami nikamfuata. Kile kichwa cheusi kilikuwa kinazunguka peke yake, hakina haraka, kikipita kwenye kona kinainama kidogo kama vinavyoinama vile vikubwa, na nyuma yake hewa imekuwa na utando wa moshi. Kikazunguka, kikasimama mahali kilipoanzia.

Tuliporudi mezani mdogo wangu alikuwa amekaa vilevile, kijiko mkononi.

"Mbona mmezima taa?" akauliza.

Saa nane mchana.

Daktari wa macho alimwangalia, akasema macho mazima, labda ni uchovu. Uchovu gani, wakati wiki ileile alishindwa kutia uzi kwenye sindano, na wiki ya pili akanisalimia mimi akidhani mimi ni mwanamke wa duka la mkate. Wiki ya tatu ukaingia mkono. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, vikombe vikawa vinaanguka kimoja kimoja, mwisho nikaja na vya plastiki. Nikahamia pale kumsaidia. Kila siku saa nane kichwa kile kilikwenda mzunguko wake. Shemeji alikitoa mota akaiweka kwenye droo. Kikaenda bila mota. Mtu huzoea. Tulifika mahali tukiisikia ile chaka, chaka, tunajua chai ichemshwe.

Ndipo mtu wa posta akaleta bahasha. Shemeji alikuwa ametoka. Mdogo wangu akaipapasa, akanipa.

"Nisomee, dada. Pengine ni majibu ya daktari."

Nikaifungua. Ilikuwa kadi nzuri, ina maua ya kijivu, imetoka kwa kiwanda kinachotengeneza vile vichwa vya treni, idara ya huduma kwa wateja. Nikasoma kwa kuokoteza, mnanijua.

"Mpendwa mteja. Sote hapa kiwandani tunakupa pole kwa kufiwa na mke wako."

Mdogo wangu akakaa wima. "Mke gani?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Kumbe nina mwenzangu," akasema. "Na amekufa kabla sijamtukana."

Tukacheka, nakiri tulicheka. Kisha nikaendelea kusoma. "Hatujasahau ulivyotueleza, jinsi macho yake yalivyofifia hata akaikanyaga mota bila kuiona, na jinsi mkono wake wa kulia ulivyotetemeka akaangusha kibanda cha dereva. Tunafurahi kwamba bodi tuliyokutumia, badala ya ile iliyovunjika siku ya mazishi, ilikufikia salama."

Nilipomaliza, mdogo wangu alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso wake, ukitetemeka, akautazama kama mtu anayetafuta kitu ndani ya maji machafu.

"Irudie ile ya mwisho," akasema.

Sikuirudia.

Shemeji aliporudi aliikuta kadi mezani, nasi tumekaa pande mbili. Alieleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Alikuwa akiandika kiwandani kwamba kitu kimepungua au kimevunjika, nao wanamtumia kingine bure. Barua ya kwanza alisema sanduku limekuja halina magurudumu. Yakaja. Lakini mota ni kitu kikubwa, hawatoi ovyo, kwa hiyo akatafuta sababu ya kumtia huruma yule binti anayejibu barua: mke wangu haoni vizuri. Ya tatu, mkono unamtetemeka. Kwa bodi sasa, lile umbo la nje la kichwa, kipande kikubwa kuliko vyote, akaandika mke wangu amefariki, na treni hii ndiyo zawadi yake ya mwisho kwangu. Vipande vikatimia, akaviunga. Ndicho kile cheusi.

"Yalikuwa maneno tu, shemeji," akaniambia.

"Na hizi?" Nikamwonyesha nakala za fomu zao, alizokuwa amenitolea kwenye faili. Chini kabisa, mara nne, kwenye fomu nne: Naapa kwamba niliyoyaeleza hapo juu ni kweli. Na mara nne sahihi yake, imenyooka, haina wasiwasi.

Asubuhi nilimleta fundi saa. Yule mzee alikuwa akitengeneza saa mbele ya watu na akishughulika na majini kwa wanaomjua, na kazi zote mbili alizifanya kwa kioo kilekile cha jichoni. Alikifungua kile kichwa chote, skrubu kwa skrubu, akavipanga vipande kwenye gazeti, akavitazama kimoja kimoja.

"Humu hamna kitu," akasema.

"Kinatembea, mzee," shemeji akasema.

"Nimesema humu. Jini haliko kwenye chuma, liko kwenye barua. Umeapa mara nne, bwana, na hukuwa na shahidi. Sasa shahidi amepatikana. Huyu hadanganyi. Akiambiwa hili ni kweli, analifanya liwe kweli, kisha anakwenda zake." Akavua kioo. "Macho tayari. Mkono tayari. Bado neno moja."

"Lini?"

"Wewe ndiye unayejua kinapita saa ngapi."

"Nikivunjevunje?"

"Vunja. Barua zitabaki. Wapigie simu wafute ulichoapa, pale pale kilipoandikwa. Mimi mkono wangu haufiki huko."

Ilikuwa saa sita kasoro. Shemeji akapiga simu kiwandani. Sauti ya mashine ikamwambia simu yake ni muhimu sana kwao, ikampigia muziki. Akaweka simu mezani ikapiga muziki wake saa nzima na robo, sisi tumekaa tunausikiliza kama tuko harusini. Mdogo wangu tulimlaza kwenye kochi, maana tangu alfajiri miguu yake ilikuwa baridi. Mhudumu, sauti ya binti, alipopokea, ilikuwa imepita saa saba.

"Habari, baba. Nikusaidie nini?"

"Nataka kufuta madai yangu. Nilidanganya."

Tukasikia anabonyeza bonyeza. "Madai yako yameshafungwa, baba. Umeridhika na huduma?"

"Yafungue. Andika kwamba nilidanganya."

"Hapa hakuna nafasi ya kuandika hivyo. Kuna kimepungua, kimevunjika, kimechelewa."

"Mke wangu hajafa," shemeji akasema. "Yuko hapa kwenye kochi."

"Pole sana," mhudumu akasema, kwa upole kabisa. "Watu wengi wanaona hivyo mwanzoni."

Mdogo wangu akafumbua macho, akasema, "Mwambie nimemsikia."

Shemeji akabembeleza karibu saa nzima, akataja tarehe, akataja namba za fomu, na yule binti akawa anajibu lilelile, kwamba mfumo haumruhusu kutoa jambo lililokwisha kuapiwa, wakati huko nyuma, kwenye gazeti la fundi saa, tulisikia skrubu ya kwanza inabingirika, kisha ya pili, kisha magurudumu yanatafutana, na harufu ya makaa ikaja ukumbini nene kiasi kwamba fundi saa alifunika pua kwa mkono wa shati, na ilipoanza ile chaka, chaka, chaka niliutazama ukuta, ilikuwa saa nane haijazidi hata nukta, nikaweka kiganja kifuani kwa mdogo wangu nikakuta pumzi yake inakwenda pamoja na magurudumu, yakienda naye anavuta, yakiingia kwenye kona naye anakwama, na kila kona alikwama zaidi kuliko kona iliyopita.

"Kuna kitu kimoja ninaweza kufanya," mhudumu akasema. "Kubadilisha mhusika. Kama jina lilikosewa."

"Mhusika yupi?"

"Asiyeona, anayetetemeka, aliyefariki. Tukio linabaki, mtu anabadilika. Niandike nani?"

Nimemwona shemeji akichonga jino mchana kutwa bila kukosea, vidole vyake havijui kusita. Pale alisita. Kichwa kikapita kona moja, kikapita ya pili. Nikamwambia, "Shemeji, sema wewe au niseme mimi jina lako. Nayajua yote matatu."

"Macho niandike mimi," akasema. "Na mkono."

"Macho, sawa. Mkono, sawa. Na aliyefariki?"

"Nikiacha hiyo?"

"Inabaki ilivyo, baba."

Mdogo wangu alimgeuzia mumewe uso tu, na nikaona kwamba anamwona, sawasawa, kama alivyokuwa anamwona zamani, kwa sababu macho yalikuwa yamesharudi. Shemeji ndiye aliyekuwa akiitazama simu akiikosa, akipapasa meza. Nadhani angekuwa bado anamwona mkewe angechukua muda mrefu zaidi. Kichwa kikaingia kona ya mwisho.

"Niandike mimi," akasema.

"Nimeandika. Pole sana kwa msiba wako, baba. Kuna kingine?"

Kule nyuma kukawa kimya. Fundi saa akaenda, akarudi na vipande ndani ya gazeti, akasema tuvirudishe kiwandani vyote, hata skrubu. Tulivirudisha kwa posta siku hiyohiyo. Wakatuma risiti.

Mdogo wangu alimtunza. Msiniulize kwa nini, na yeye sikumwuliza. Alimwosha, alimvalisha, alimlisha kwa kijiko maana mkono wake wa kulia ulikuwa haufiki mdomoni. Vile vichwa thelathini na moja alimletea kimoja kimoja akavipapasa kwa mkono wa kushoto, akawa hawezi kusema hiki ni kipi. Siku ya tano nilikuwepo alipomwuliza.

"Ile barua ya nne. Nimeisoma ile kadi mwenyewe, yule binti wa barua aliandika chini kwamba ilikuwa na alama za machozi. Ulilia?"

"Hapana," akasema. "Yalikuwa maji ya bomba. Nilinyunyiza kwa vidole."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya kwanza wino ulichafuka sana, nikaandika upya."

Mdogo wangu akafuta kidevu chake, akaendelea kumlisha.

Basi hayo ndiyo aliyolipa. Macho aliyalipa pale pale, simu ikiwa mezani. Mkono aliulipa kabla hajaikata. Lililobaki alilipa siku ya tisa, saa nane mchana, supu ikiwa nusu bakuli, na kijiko kikiwa bado mdomoni mwake.