Mkate wa Ndizi Nyekundu Alioutema Mama

Mama aliutema!

Mbele ya mchungaji, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya ndugu zaidi ya sabini waliokaa chini ya turubai, mama yangu mzazi aliutema mkate wangu kwenye leso, akanikazia macho...

"Elieshi! Hizi ndizi umekata wapi?"

Muziki ukazimwa. Mwenzenu nimesimama na sahani mkononi, natabasamu kama zuzu, nikidhani labda iliki imezidi.

"Hapa hapa shambani, Mama. Ule mgomba mwekundu, nyuma ya zizi."

Mama akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, hata siku tunamzika Baba. Akainuka, kiti kikaanguka, akakimbilia ndani.

Nikamgeukia dada yangu Magreth. Nyie... Dada alikuwa anakula! Anatafuna taratibu, machozi yanamtoka, wala hanitazami.

Na yeye ndiye aliyenionyesha mgomba ule!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Nina miaka thelathini na nne, naishi mjini, Lemara, kazi yangu ni kuoka keki. Harusi, kipaimara, sendofu, wewe sema tu. Watu wanatoka mpaka Kikatiti kufuata keki zangu. Lakini kuna mtu mmoja hajawahi kula kitu kutoka mkononi mwangu.

Mama.

Sitanii! Nikimpelekea chai, ataniambia weka hapo, halafu inapoa. Nikimletea keki, anagawia majirani. Siku ya harusi yangu, muda wa kulisha wazazi keki ulipofika, Mama alisema kichwa kinamuuma, akatoka ukumbini. Baba alilishwa peke yake, watu wote wanatazama.

Niliumia jamani. Nikaamini tu kwamba Mama hanipendi.

Basi mwaka huu akatimiza miaka sabini. Tukapanga ibada ya shukrani nyumbani, huku juu njia ya Momela. Nikampigia simu Magreth, maana yeye hakuolewa, ndiye anayekaa na Mama.

"Dada, nataka nimwokee kitu ambacho hawezi kukikataa."

Nikamsikia akifunga mlango kwanza. 

"Unaukumbuka mkate wa ndizi nyekundu?" akaniuliza.

Wee! Nilikuwa mdogo mno, lakini ladha ile haijawahi kunitoka. Laini, mtamu, una harufu ya jani la mgomba lililoungua kidogo. Mama alikuwa anauoka kila Jumamosi, halafu ghafla ukapotea nyumbani kwetu. Sikuwahi kujua kwa nini.

"Ndizi zake bado zipo?"

"Umebaki mgomba mmoja. Njoo ukate."

Nikaenda siku ambayo Mama alikuwa kanisani na wanawake wenzake. Mgomba ulikuwa umezungukwa na masale, ile mimea ya majani marefu. Nyie wa huku kwetu mnajua, masale tunayapanda mpakani. Nikasema huu utakuwa mpaka wa zamani, nikayaruka, nikakata mkungu. Hata sikujiuliza ni mpaka gani huo ulioko katikati ya shamba la mtu mmoja!

Magreth alisimama mbali, amekunja mikono.

Nikazivundika siku tano mpaka zikanukia. Jumamosi alfajiri nikaziponda, nikatia unga wa mahindi, mayai, siagi ya maziwa na iliki. Nikababua majani ya mgomba, nikatandika kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu. Jiko la umeme nililiacha Lemara makusudi. Nilipofunua, harufu ile ilinipiga nikalia palepale jikoni.

Nikasema leo ndo leo. Leo Mama atakula!

Mchungaji ndiye aliyempa kipande, Mama akaona aibu kukataa mbele ya watu, na yaliyofuata nimeshawaambia.

Nikamfuata chumbani. Amekaa kitandani, anafuta mdomo kwa ile leso. Magreth akaingia nyuma yangu, akafunga mlango.

"Mwambie, Mama. Au nimwambie mimi?"

"Magreth, nakuomba. Usithubutu!"

"Niambiwe nini?" nikauliza.

Dada akavuta pumzi.

"Mlizaliwa wawili, Elieshi. Wewe na Gadiel. Ule mgomba uko juu ya kaburi lake."

 Kwetu zamani mtoto mdogo akifa alizikwa migombani, hakuna saruji wala msalaba. Na masale tunapanda makaburini pia, hilo nalijua tangu utoto. Sikuwaza tu! Nimemwokea mama yangu mkate wa kaburi la mwanawe, nikampelekea mdomoni siku ya shukrani yake.

"Alikufa na nini?"

Mama akaziba masikio.

"Mlikuwa na miaka mitatu," Dada akasema. "Mama alienda sokoni, akatuachia mkate huu huu wa ndizi nyekundu. Mimi akanituma maji mtoni. Niliporudi, ulikuwa unamlisha. Ulikuwa huwezi kula kitu bila kumpa na yeye. Ulikuwa unamwambia, 'Kula, Gadi, kula'... Kipande kilimkwama kooni. Alikuwa ameshalegea, na wewe bado unamwekea kingine."

Pa!

Mama alimchapa Magreth kibao cha nguvu.

"Miaka thelathini na moja nimemficha mwanangu asijue! Thelathini na moja, Magreth! Wewe umeyamwaga kwa dakika moja!"

"Na mimi je?" Dada akapasua sauti. "Mimi siyo mwanao? Nilimwonyesha mgomba makusudi, nimechoka kubeba! Uliwaambia watu nilikwenda kucheza! Ukoo mzima unaamini Gadiel alikufa kwa uzembe wangu, ingawa uliwakataza kumtaja mbele ya Elieshi. Mchumba aliyekuja akaambiwa huyo hawezi kulea. Nimekuogesha, nimekupikia, nimekuzeekea humu ndani, na hujawahi hata siku moja kuniambia pole!"

 Mama akateremka kitandani polepole, akakaa chini sakafuni na kitenge chake kipya cha sherehe.

"Nilikuwa nimebaki na wawili," akasema. "Niliona bora mmoja aitwe mzembe, kuliko mwingine akue akijua ni mkono wake. Nikakutwika wewe kwa sababu ulikuwa mkubwa."

"Nilikuwa na miaka kumi, Mama."

"Najua."

"Kumi!"

"Najua, mwanangu. Nisamehe. Nimekukosea sana."

Sijawahi kumwona Dada akilia vile. Alilia kwa sauti, kamasi zinamtoka, hajali.

Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Kwa hiyo ndiyo maana huli chakula changu?"

Mama akanitazama. Nadhani ni mara ya kwanza ananitazama usoni muda mrefu namna ile.

"Kila ukininyooshea chakula, nauona ule mkono mdogo. Sikuchukii, Elieshi. Sijawahi kukuchukia hata saa moja. Nashindwa tu."

Keki ya sherehe, ile ya kawaida niliyotoka nayo Lemara, ilikuwa imehifadhiwa mezani humo chumbani. Nikamega kipande kidogo. Nikapiga magoti mbele yake, nikanyoosha mkono.

"Mama... jaribu."

Akafungua mdomo.  Nikaomba moyoni, Mungu wangu, nisaidie hii mara moja tu!

Akaufunga.

"Siwezi, mwanangu. Nakupenda, lakini siwezi."

Akaushika mkono wangu na keki yake vilevile, akauweka shavuni kwake. Tukakaa pale chini sisi watatu, tunalia, huko nje mchungaji ameanzisha pambio ili wageni watulie.

Baadaye Mama alitoka mwenyewe, akasimama mbele ya watu wote, akasema, "Magreth hakwenda kucheza. Nilimtuma mimi. Nilisema uongo." Akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Wapendwa, nasema na wazazi. Ukificha jambo ili kumlinda mtoto mmoja, angalia linamwangukia nani. Na wewe unayelala ukisema mama yako hakupendi, muulize akiwa hai. Jibu linaweza kukuvunja, lakini angalau utajua umevunjwa na nini.

Najua mtanipa pole nyingi hapo chini. Asanteni. Ila mimi msiba wa pacha wangu nimeuanza wiki iliyopita. Dada yangu ameubeba peke yake tangu ana miaka kumi, na hakuna mtu aliyewahi kumpa mkono wa pole.

Anzeni na yeye.